Nyumba mpya za miteremkoni Ugweno: Miti ya kuzificha, au ya kuushika mlima?

ABIRIA anayetoka Mwanga mjini kwenda Kikweni huanza safari katika joto na vumbi la tambarare, na kabla hajakaa sawasawa kitini gari huwa limeanza kukata kona za mlimani. Hewa hubadilika. Migomba huanza kuonekana, kisha kahawa chini ya miti mirefu, na ng'ambo ya bonde hutokeza mapaa ya nyumba: mekundu, ya bluu, na mengine meupe yanayomulika jua hata mtu akayaona akiwa mlima wa pili.

Ugweno ni sehemu ya kaskazini kabisa ya milima ya Upare, katika Wilaya ya Mwanga mkoani Kilimanjaro. Upande wa mashariki chini kuna Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Upande wa magharibi kuna tambarare kavu inayoshuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Katikati ya maeneo hayo mawili ya ukame umesimama mlima wenye mvua, chemchemi na watu wengi juu ya ardhi finyu.

Kama ilivyo desturi ya Wapare wote, mwana wa Ugweno aliyefanikiwa Dar es Salaam, Arusha au ughaibuni hurudi kujenga kwao. Hapo ndipo lilipo jambo linalojadiliwa hapa. Nyumba ya kisasa inahitaji uwanja wa tambarare, na mlima hauna tambarare. Hivyo mlima huchongwa, miti ya zamani hukatwa ili lori lipite, na mwisho wa ujenzi hubaki jumba zuri lililosimama juu ya kovu la udongo mwekundu.

Je, mwenye nyumba alazimishwe kupanda miti? Na kama ndiyo, miti hiyo iwe ya kazi gani?

Katika nchi kadhaa swali hilo lilikwisha kujibiwa kisheria. Nchini Uingereza, Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1990, kifungu cha 197, inaitaka mamlaka inayotoa kibali cha ujenzi ihakikishe, kila inapofaa, kuwa kibali hicho kina masharti ya kuhifadhi au kupanda miti. Mwombaji huchora mpango wa upandaji, na kwa kawaida sharti husema kuwa mti wowote utakaokufa ndani ya miaka 5 utapandwa mwingine mahali pake. Shabaha kubwa huwa ni mandhari, yaani nyumba isiukatize mstari wa kilima wala kuwaumiza macho walio ng'ambo ya bonde.

Kwa Mtanzania wa mjini hoja ya kuficha nyumba inaweza kuonekana kichekesho. Mtu amejinyima miaka 15 ajenge, kisha aambiwe nyumba yake isionekane! Kwa hakika, kwa wengi kuonekana ndiyo nusu ya sababu ya kujenga.

Lakini Ugweno ya zamani ilikuwa imeficha nyumba zake bila sheria yoyote ya maandishi. Nyumba ilikaa ndani ya shamba, si shamba kando ya nyumba. Juu kabisa palikuwa na miti mirefu iliyoachwa makusudi, kama mringaringa na mikuyu. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na chini ya kahawa magimbi na maharage. Mipaka iliwekwa kwa masale. Mgeni aliweza kupita hatua chache kutoka uani asijue kuwa kuna mji hapo, isipokuwa kwa moshi na sauti za watoto.

Mpangilio huo haukubuniwa kwa ajili ya urembo. Majani ya ghorofa ya juu yalivunja nguvu ya matone ya mvua, majani yaliyoanguka yalifunika udongo, na mizizi ya vimo mbalimbali ilishika tabaka mbalimbali za ardhi. Maficho yalikuwa faida ya ziada. Anayejadili miti ya nyumba za miteremkoni leo hana budi kuanzia hapo, kwa sababu miti inayoficha si lazima iwe ndiyo inayoshika udongo, na sharti lililoandikwa kwa kazi moja laweza kushindwa kabisa kwa nyingine.

Zaidi ya mashamba ya nyumbani, Ugweno na jirani yake Usangi zilikuwa na misitu ya jadi. Kulikuwa na mshitu, msitu wa mafunzo ya jando, na mpungi, mahali patakatifu pa ukoo palipohifadhiwa mafuvu ya wahenga. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria ambaye kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969, alieleza jinsi utawala wa Ugweno ulivyojengwa kwa sehemu juu ya taratibu za jando zilizofanyika msituni, baada ya ukoo wa Wasuya kuwapokonya madaraka Washana waliokuwa wahunzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu Pare Kaskazini na Handeni ulionyesha kuwa misitu midogo ya aina hiyo ilikuwa bado ipo kwa mamia, mingi ikiwa vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba.

Vipande hivyo vilikuwa mara nyingi juu ya chemchemi, kwenye vilele au kwenye miteremko mikali, yaani mahali ambapo mhandisi wa leo angesema pasijengwe. Pamoja na misitu ya hifadhi ya serikali kama Kindoroko, ambao kilele chake cha mita 2,113 ndicho kirefu kuliko vyote katika Pare Kaskazini, ndiyo inayolisha mifongo na ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la jadi linalokusanya maji usiku ili yatumike kumwagilia mchana. Maji huja kwa mfongo, mfereji wa udongo unaofuata ubavu wa mlima, na hugawanywa kwa zamu. Mfumo huo una karne nyingi, na adui yake mkubwa ni tope. Ndiva ikijaa udongo haihifadhi maji. Inabaki uwanja wa matete.

Hapa ndipo nyumba ya mtu mmoja inapogeuka kuwa shauri la kijiji kizima. Hesabu yake si ngumu. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, anayetaka uwanja wenye upana wa mita 10 kwa kuchonga upande mmoja tu hulazimika kuacha ukuta wa udongo wenye kimo cha karibu mita 5.8 nyuma ya nyumba. Kwenye mteremko wa nyuzi 20 ukuta huo ni mita 3.6. Udongo uliochongwa lazima uende mahali, na mara nyingi fundi huusukuma chini ya kiwanja, ukalala pale kama kifusi kisichoshindiliwa kikingojea masika.

Kisha huja paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa siku moja, jambo lisilo geni mlimani, linamwaga lita 7,500. Maji hayo zamani yangepokewa na migomba na kuzama taratibu. Sasa yanashuka kwa mikupuo kwenye pembe nne za nyumba, moja kwa moja juu ya kile kifusi. Udongo unashuka kwenye shamba la jirani wa chini, kutoka hapo unaingia kwenye mfongo, na mwisho wake ni ndiva.

Watakaouzoa ni wanakijiji kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam hayupo kuifanya. Manung'uniko mengi ya vijijini kuhusu nyumba za wenye uwezo yana mzizi wake hapo, wala si wivu kama inavyodhaniwa na baadhi ya wanaojenga.

Hatari yenyewe haiishii kwenye tope. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilayani Same, na kuua watu wasiopungua 20. Machi 2010 maporomoko ya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, yalifukia vijiji na kuua mamia. Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Hakuna kati ya maafa hayo linaloweza kuelezwa kwa ujenzi wa nyumba peke yake, lakini yote yanakumbusha kuwa mteremko uliolowa una kikomo cha uzito unaoubeba.

Sheria za Tanzania hazizungumzi lugha ya kuficha nyumba. Zinazungumzia hatari, maji na mteremko. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 7, inaitambua ardhi ya hatari, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira yake na ya jirani. Miongoni mwake inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ardhi iliyo kwenye mteremko unaozidi kiwango ambacho waziri atakiweka baada ya kupata ushauri wa kitaalamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo ina maelekezo ya namna hiyo kwa ardhi ya vijiji.

Ila eneo haliwi ardhi ya hatari kwa kutazamwa tu. Linapaswa kupitia utaratibu wa kutangazwa. Mpaka hapo, korongo lenye mteremko wa kutisha linaweza kuwa kiwanja halali cha mtu, chenye baraka zote za serikali ya kijiji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 iliongeza uzito kwenye mita 60: kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya umbali huo kutoka kwenye kingo za mito, mabwawa na fukwe. Kwa tambarare sharti hilo ni jepesi kulifuata. Kwa Ugweno, ambako mabonde ni membamba na vijito ni vingi, mita 60 kila upande zinaweza kumeza shamba lote la familia. Haishangazi kwamba watu huliheshimu kwa maneno na kulikwepa kwa jembe.

Mijini kuna chombo kingine. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956, inamtaka anayeendeleza ardhi katika eneo la mipango apate kibali, na mamlaka inaweza kukiwekea masharti. Kwa hiyo katika mji wa Mwanga au Same sharti la miti linaweza kuandikwa kwenye kibali cha ujenzi bila kutunga sheria mpya. Sheria ya mwaka 1956 ilifuata mkondo wa sheria za mipango za Uingereza; kilichokosekana ni ile tabia ya kuligeuza wazo la miti kuwa sharti linalokaguliwa.

Sehemu kubwa ya Ugweno, hata hivyo, ni ardhi ya vijiji, na huko kibali cha mjini hakifiki. Kinachofika ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kifungu cha 29 kinaeleza masharti yanayoambatana na hakimiliki ya kimila: ardhi itunzwe katika hali nzuri, vibali vinavyotakiwa vipatikane kabla ya kujenga, na mmiliki atii sheria ndogo zinazohusu ardhi hiyo. Maneno hayo machache yana nguvu kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa yanamfunga hata mmiliki asiyekaa kijijini.

Kenya imekwenda hatua nyingine. Sheria yake ya mazingira ya mwaka 1999 iliagiza vilele na miteremko iliyo katika hatari vitambuliwe na kupandwa miti, na jamii zishirikishwe katika kazi hiyo. Utekelezaji ni suala tofauti, lakini angalau neno mteremko limeandikwa waziwazi pamoja na neno mti.

Kwa Tanzania, kampeni za miti zimekuwa za hesabu zaidi. Mkakati wa mwaka 2006 wa kuhifadhi mazingira ya ardhi na vyanzo vya maji ulihimiza upandaji kila wilaya, na baadaye kila halmashauri ilitakiwa kupanda miti isiyopungua 1,500,000 kwa mwaka. Aprili 1 ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na tarehe hiyo inafaa kwa kuwa masika huwa yamekwisha kushika. Tatizo la hesabu ni kwamba huhesabiwa miche iliyoingia shimoni, na takwimu haisemi shimo lilikuwa wapi. Miche 100,000 kwenye tambarare haimsaidii anayelala chini ya ukuta wa udongo wa mita 5.

Basi mti upandwe wapi, na upi? Kwanza iondolewe dhana moja iliyozoeleka, kwamba mti wowote popote mlimani ni kinga. Mizizi mingi ya miti hukaa katika mita 1 au 2 za juu za udongo. Inazuia mmomonyoko na maporomoko madogo ya juujuu vizuri sana. Maporomoko yanayoanzia chini ya hapo huondoka na miti yake ikiwa bado imesimama. Ukuta uliochongwa vibaya hautibiwi kwa miche. Unahitaji kupunguzwa makali, kukatwa ngazi, au kujengewa ukuta wa mawe wenye matundu ya kupitisha maji.

Pili, mti mrefu ulioachwa ukingoni mwa mchongo, juu ya nyumba, ni hatari. Nusu ya mizizi yake imekatwa na sululu, na upepo wa masika unaijua siri hiyo kabla ya mwenye nyumba. Juu ya mchongo panafaa nyasi na vichaka, pamoja na mfereji wa kuyaongoza maji pembeni. Miti mikubwa ikae mbali kiasi kwamba ikianguka haitafika kwenye paa.

Mahali penye kazi kubwa ni chini ya nyumba, juu ya kile kifusi. Huko nyasi hutangulia: majani ya guatemala au mabingobingo kwa mistari inayofuata usawa wa mlima, ambayo kwa Wapare wanaofuga ng'ombe wa ndani ni malisho pia. Vetiva hushika udongo vizuri zaidi kwa mizizi inayozama wima, ingawa ng'ombe hawaipendi sana. Msimu mmoja au miwili baadaye miti huweza kupandwa katikati ya mistari hiyo bila kusombwa na maji.

Na ni bahati njema kwamba huko chini ndiko pia panapofaa kwa kuficha. Anayeitazama nyumba kutoka ng'ambo ya bonde huona ubavu wake wa chini, ule mchongo na zile nguzo za zege. Miti iliyo nyuma ya nyumba humpa mandharinyuma ya kijani, lakini iliyo mbele chini ndiyo inayovunja umbo la jengo. Haihitajiki kuwa ukuta. Mafungu matatu au manne yasiyolingana, yenye nafasi katikati, humwachia mwenye nyumba dirisha la kulitazama Ziwa Jipe au Kilimanjaro, na bado kwa mbali nyumba inazama ndani ya kijani.

Mgrivea ndio uliozoeleka zaidi kwa kazi hiyo. Asili yake ni mashariki mwa Australia, hupatana na kahawa na migomba, huvumilia kupogolewa, na mahali pazuri unaweza kupanda mita 2 kwa mwaka katika miaka yake ya mwanzo. Mringaringa hukua taratibu zaidi lakini mbao zake zina bei na kivuli chake ni kipana. Miparachichi inafaa karibu na nyumba na hulipa. Kwenye chemchemi na kingo za vijito mikuyu haina mshindani.

Mkaratusi ni kesi yake peke yake. Hukua haraka, hutoa nguzo za kujengea, na ndiyo sababu umejaa. Lakini unakunywa maji mengi, na kivuli chake hakifuniki udongo kama cha miti ya asili. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye maeneo oevu na vyanzo vya maji. Kwa kijiji kinachoishi kwa ndiva, kuuhesabu mkaratusi kama mti wa kutimiza sharti la ujenzi kungekuwa kujipiga panga mguuni.

Lipo pia jambo dogo ambalo wachora sharti husahau. Rangi ya bati hufanya siku ya kwanza kazi ambayo miti itaifanya baada ya miaka 10. Paa la kahawia au kijani kilichofifia halimuliki. Halimgharimu mjenzi zaidi ya lile jekundu, na likitajwa mapema, kabla bati halijanunuliwa, hakuna ugomvi.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Nyumba nyingi za aina hii hukaa na mlinzi mmoja au na bibi mzee karibu mwaka mzima. Miti minene inayoizunguka humpa mwizi maficho. Matawi hugusa nyaya za umeme na kukatwa ovyo na mafundi wa laini. Huko California, ambako vilima vimejaa nyumba, sheria inawataka wenye nyumba katika maeneo ya hatari wasafishe mimea inayoweza kushika moto hadi mita 30 kuzunguka nyumba. Ugweno ya juu ni mbichi na haina hofu hiyo sana, lakini miteremko ya chini inayoelekea tambarare huungua kiangazi, na huko sharti la miti minene ukutani lingekuwa kosa.

Pingamizi kubwa zaidi lina historia. Wakoloni walijaribu kuiokoa milima kwa amri. Huko Uluguru, mpango wa kuwalazimisha wakulima wachimbe matuta uliishia kwenye ghasia za Matombo mwaka 1955, na matuta yakaachwa. Wapare wenyewe wana kumbukumbu ya mbiru, kodi iliyowafanya maelfu washuke milimani mwaka 1945 kwenda Same kuipinga. Kilichowaudhi ilikuwa kodi, wala si miti. Lakini mlima uliokwisha kushuka mara moja kuipinga amri iliyotoka ofisini hauwezi kuletewa sharti jingine kwa barua tu.

Njia iliyopo kisheria ni ndefu lakini ni ya wenyewe. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inaweza kupendekeza sheria ndogo. Rasimu husomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria. Ikipita hupelekwa halmashauri ya wilaya kwa idhini, na ikirudi inakuwa sheria.

Sheria ndogo ya namna hiyo haihitaji kurasa nyingi. Ingetosha kumtaka mjenzi aonyeshe, kabla sululu haijagusa mlima, udongo utapelekwa wapi na maji ya paa yataingia wapi, iwe tangi au shimo la kuzamia. Ingemtaka afunike mchongo na kifusi kwa nyasi kabla ya mvua za kwanza, apande idadi ya miti inayolingana na ukubwa wa uwanja aliochonga, tena kwa aina zilizotajwa, na apande upya kila uliokufa kwa miaka 5. Na kwa kuwa wenye nyumba wengi hawapo, ingempa mtu mmoja aliyepo kijijini jukumu hilo kwa jina lake.

Ugumu uko kwenye adhabu. Faini ya sheria ndogo ni kitu kidogo mbele ya gharama za nyumba. Mjenzi anaweza kuilipa kama anayelipia maegesho ya gari. Dhamana ingefaa zaidi: kiasi kinachowekwa kijijini kabla ya ujenzi na kurudishwa baada ya msimu wa tatu, miti ikiwa hai. Lakini fedha ya dhamana inahitaji kijiji chenye hesabu zinazoaminika na mkaguzi asiyemwogopa mtoto wa mjini mwenye gari kubwa. Vijiji vyenye sifa hizo zote mbili si vingi, na hapo ndipo sharti zuri kwenye karatasi linaweza kugeuka njia ya kuombana chai.

Lipo pia swali la haki. Mjane anayejenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma kwenye kipande alichoachiwa hapaswi kubeba sharti lilelile na anayemwaga zege kwa jumba la ghorofa. Kipimo cha uwanja uliochongwa, badala ya idadi ya nyumba, hulimaliza suala hilo kwa sehemu kubwa: asiyechonga mlima hadaiwi kitu.

Kalenda nayo ina neno lake. Wana wa Upare hurudi nyumbani Desemba, na wengi hupenda kupanda miche kwa mikono yao wakati wa likizo. Mwisho wa Desemba vuli huwa inaaga. Mche ulioingia ardhini siku hizo hukutana na Januari na Februari kavu, na usipomwagiliwa wala kuwekewa matandazo hufa kabla masika hayajafika Machi. Anayetaka kupanda Desemba awe amechimba mashimo mapema, afunike kila shina kwa majani ya migomba, na aache mtu wa kubeba ndoo mara mbili kwa wiki. Mtu huyo hutafutwa, na malipo yake hukubaliwa, kabla ya basi la kurudi Dar es Salaam kuondoka.